Namba Isiyopanda

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne Lubumbashi, na kwenye skrini ya Syntiche Mwelwa maji ya bwawa la taka za mgodi yalikuwa bado mita mbili na nusu. Ndiyo namba aliyoiacha Alhamisi. Nje, barabara za Makomeno zilikuwa zimejaa maji.

Programu hiyo aliiandika yeye, miaka saba iliyopita. Kipimo kilichosimikwa bwawani kilituma namba kwa redio, na king'ora kiliwekwa kilie maji yakipita mita nne.

Alimgeukia Adrien, mwenzake. "Alhamisi ulifanya nini?"

"Mise à jour tu, yaya, dada yangu. Nilitia kerneli mpya, ule moyo wa mashine. Iko vert yote, kijani."

Syntiche alifungua kumbukumbu za mashine. Kabla ya kusoma namba, programu yake ilikiuliza kiendeshi cha redio, programu ndogo inayoiongoza redio, kama kipimo bado kinasikika. Iliuliza kwa njia ya zamani, na kerneli mpya ilikuwa imeiondoa njia hiyo. Kila dakika swali lilikataliwa. Chini yake kulikuwa na mstari alioutia mwenyewe, baada ya wakubwa kuchoshwa na king'ora cha bure: pasipo jibu, shika namba ya mwisho.

Alinyakua simu. Akampigia Germaine, mlinzi wa bwawa.

"Mama Germaine, uko fasi kani?"

"Ku kibanda. Mvua iko mingi."

"Enda uangalie mur, ukuta ya bwawa. Usikate simu."

Alisikia buti zikikanyaga matope, kisha hatua zikasimama.

"Mama, maji iko natoka chini ya mur. Iko mweusi."

"Tia sirene na mukono. Bantu ba ku mashamba batoke."

Watu kumi na wanane walikuwa wakipalilia kule chini ya bwawa licha ya mvua. King'ora kilipolia, walitoka wote. Ukuta ulipasuka kabla ya saa sita mchana, na mahindi yao yakalala chini ya tope la kijivu lililonuka asidi.

Alasiri Syntiche aliandika upya sehemu ile: programu iulize kwa njia mpya, ikishindwa ijaribu ya zamani, na zikikosa jibu zote mbili king'ora kilie. Kisha akamgeukia Adrien.

"Kerneli hiyo uliitia wapi kwingine?" akamuuliza.

"Ku mabwawa ingine tatu."

Skrini zote tatu zilikuwa kijani, kama ile ya asubuhi. Syntiche alimpigia simu mlinzi wa bwawa la kwanza. Simu iliita mpaka ikakatika.