Dobi wa Ghorofa ya Chini

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hao hawakumjua shemeji yangu. Yeye aliyazoa, tena maji ambayo hakuyamwaga yeye, na ambayo mtu mwenye akili zake hawezi kuyaangalia akiwa ametoka kula.

Shemeji ni dobi. Jengo zima linamwita Pasi, kwa ajili ya ile pasi yake ya mkaa, na kwa sababu hata mwenyewe amenyooka, hana kona. Aliishi ghorofa ya chini na dada yangu, vyumba viwili: cha mbele meza ya kupigia pasi na nguo za watu zinazoning'inia, cha nyuma kitanda. Katikati palikuwa na ujia, jiko la mafuta, na choo. Uchafu wa ghorofa zote za juu hupita chini ya choo hicho ndipo utoke nje. Huko nje kulikuwa na chemba, shimo la kuzibulia maji taka. Mwenye nyumba akajenga duka juu ya chemba, akalipangisha, na tangu hapo hakuna awezaye kuifungua bila kubomoa sakafu ya duka. Wapangaji wakimlalamikia anasema wasubiri kiangazi. Kiangazi kikija anauliza, mbona sasa hakufuriki?

Aliye juu mngoje chini, wanasema. Shemeji amewangoja sana, na kinachoshuka si wao.

Choo kwanza hukoroma. Akisikia hivyo, Shemeji huweka pasi chini, huchukua mfuniko wa sufuria na kuugonga kwenye chuma cha ngazi. Maana yake: jamani, acheni maji. Watu wa juu hufunga mabomba, hubana matumbo, hulaani. Naye huvaa buti za mpira, hujifunga kitambaa puani, hubandika matambara chini ya mlango wa chumba cha kitanda, kisha huzoa. Kizoleo kwanza, kwa vile vizito, na makaratasi, na pedi ambazo hakuna mwenye kuzikiri. Ndoo inakwenda mtaro wa nyuma, inarudi, inakwenda tena. Halafu mchanga, halafu brashi na sabuni ya unga, mwisho ile dawa yake ya kung'arishia mashuka meupe. Akimaliza hugonga tena mfuniko uleule, na jengo zima hufungulia maji. Watu wanaufuata mlio huo kuliko wanavyofuata sheria za serikali.

Tulikuwa tunacheka. Nilikuwa namwambia, "Shemeji, wewe bwana afya usiye na mshahara." Kicheko kiliisha Dada alipopasuliwa tumbo na kidonda kikakataa kufunga. Alilala wodini mpaka akaichukia dari. Akataka nyumbani. Kwangu haikuwezekana; napanga chumba cha juu kabisa mtaa wa pili, na ngazi zile hata mzima hupumzika katikati. Daktari akakubali arudi kwa mumewe kwa sharti moja: nesi atapita kupakagua. Pakiwa pachafu, anarudi wodini siku hiyohiyo. Alisema kidonda kile na uchafu havikai nyumba moja, na hakukosea.

Asubuhi ya siku ya nesi, Dada ameshalala kitandani kwake, choo kikakoroma.

Shemeji aligonga mfuniko, kisha akapanda kubisha mlango hadi mlango. "Jamani, leo nisaidieni. Msiguse maji mpaka mgeni wangu aondoke. Nitagonga." Nimewasema vibaya watu wa juu, basi na haki yao niwape: walikubali wote. Mama mmoja aliwahamishia watoto wake kwa jirani, na mzee mwenye kisukari alijifungia na ndoo yake. Nasi tukazoa, mimi nikishika ndoo, yeye amepiga magoti. Nesi alipofika, ujia ulikuwa mkavu na shuka la Dada lilikuwa bado na joto la pasi.

Nesi aliinama hadi uvunguni. Akafungua mlango wa choo, akafunga. "Baba, hongera," alisema. "Hata kwetu wodini hapako hivi. Mama atabaki."

"Mgeni njoo mwenyeji apone," Dada akasema, akacheka huku analia. Kisha akaanza kujiinua. "Ngoja nikupikie chai."

"Dada, kaa. Nitapika mimi."

"Niache, mdogo wangu. Hapa mwenye jiko ni mimi."

Alitembea akishika ukuta. Tulimwacha, kwa kuwa hatukuwa tumemwona akitembea tangu apasuliwe. Akafunua sufuria. Mfuniko ukamponyoka, ukapiga saruji, ukazunguka ukilia mpaka ulipochoka.

Shemeji ndiye aliyeelewa kwanza. Alitoka mbio hadi ngazini. "Bado! Jamani, bado!" Lakini mtu aliyejibana tangu asubuhi hana masikio. Tuliyasikia maji yakishuka ukutani, ya wote kwa pamoja. Safari hii choo hakikukoroma, kilitapika. Nesi alinyanyua mkoba wake. Dada alikuwa amesimama katikati, miguu mitupu, kopo la majani ya chai mkononi.

"Mama, twende," nesi akasema.

"Sista, nipe muda kidogo tu," Shemeji akamsihi. "Nitapasafisha. Wewe mwenyewe umeona nilivyo..."

"Nimeona, baba. Ndiyo maana inaniuma. Lakini nikimwacha hapa nitakuwa nimemuua."

Shemeji hakutusindikiza. Alikuwa ameshapiga magoti na kizoleo, akiamini kwamba akimaliza kabla hatujapata gari, nesi atageuza nia. Nilimkasirikia, na hasira ile nimeihamishia kwa mwenye nyumba, ambako ipo mpaka leo.

Mvua zikazidi. Kila tulipokwenda wodini Dada aliuliza jambo moja. "Pamekauka?"

"Pamekauka," Shemeji alijibu. Nami niliyetoka huko nikiruka tofali hadi tofali, nikaitikia kwa kichwa. Daktari alikuwa amekwisha kunivuta pembeni na kuniambia kidonda hakitafunga tena. Tulikuwa na uongo tu wa kumpa, tukampa.

Siku moja alituuliza tena, sauti imekuwa nyembamba. "Pamekauka kweli?"

"Kabisa," Shemeji akasema. "Hata harufu hakuna."

Dada akatabasamu, akaanza kupapasa chini ya mto akitafuta kitambaa chake cha kichwani. "Basi sina cha kungoja hapa. Kesho njoo unichukue."

Shemeji alinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Sawa," akasema. "Kesho."

Tulirudi kwake. Maji yalikuwa yamepita matambara ya mlangoni na kufika miguu ya kitanda. Shemeji alikaa kizingitini, akavaa buti moja, akavaa ya pili.

"Nishikie ndoo, shemeji," alisema. "Nimeshamwahidi."