Nilivyofumba Macho Msibani

Siku yangu ya kwanza ya unesi, hapa kisiwani, hospitali ya Kilindoni, Matroni hakunipa sindano wala bandeji. Alinionyesha bibi mmoja kitandani, akasema, "Hesabu pumzi zake, dakika nzima." Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Nikahesabu nusu dakika, nikazidisha mara mbili. Alinishika palepale.

"Binti, umemwibia mgonjwa nusu dakika."

Nilitoka Songea, sina ndugu kisiwani, na upweke ulinikaba. Rafiki nilipata mmoja tu, Bi Tatu, mkulima wa mwani wa Juani, kisiwa kidogo cha jirani, aliyekuwa akimleta mumewe kufungwa kidonda cha mguu. Siku za mapumziko nilivuka kwa mashua kwenda kwake. Aliniita shoga.

Kisha akaja daktari wa kujitolea kutoka Sri Lanka, muumini wa dini ya Kibuda. Kabla ya zamu aliketi sakafuni, kwenye chumba cha kuchemshia vyombo, akifuata pumzi zake mwenyewe. Nikamwomba anifundishe.

"Hakuna la ajabu, Sista. Pumzi inaingia, unajua. Inatoka, unajua. Hasira ikija, itazame, itapita. Tunaumia kwa kung'ang'ania vinavyopita."

Mimi Mkatoliki nikamuuliza kama itabidi nibadili dini. Alicheka sana. "Nenda kanisani kwako, ukatulie hukohuko."

Nilijaribu nikisafisha vidonda, nikajaribu mbele ya foleni ya wajawazito. Nikaacha kufokea wagonjwa. Hata upweke ukawa unakuja na kuondoka. Ninyi manesi mnaoanza kazi, mazoezi haya yanafaa, ila mimi nilijiona nimeshafuzu.

Mume wa Bi Tatu akafariki. Kule Juani wanawake huingia msibani wakilia, wakamkumbatia mfiwa, wakalia naye. Mimi niliingia kimya, nikaketi pembeni, nikafumba macho. Kilio kikanijia kooni, nikakitazama, kikapita, nikajisifu moyoni. Nilipofumbua macho, Bi Tatu alikuwa ananitazama.

"Umekuja kupumzika, nesi?"

Nilirudi kwa daktari nikilalamika kwamba nimedhalilishwa mbele za watu. Hakuniunga mkono.

"Nilikufundisha kutulia ili umwone mwenye maumivu. Wewe umemkimbia."

Nami kwa kiburi changu nikasema, hili nalo litapita. Nikaliacha lipite, miaka kwa miaka. Daktari akarudi kwao, Matroni akahamishwa, mimi nikabaki na zamu zangu. Shoga yangu wa pekee sikumfuata.

Nilipostaafu ndipo nilipoona kwamba kwangu hakuna anayebisha hodi. Bado nakaa kimya kila asubuhi, lakini upweke ukija sijidai tena. Unaniuma, na nasema kwamba unaniuma. Asubuhi moja nilisimama nikavuka kwenda Juani.

Bi Tatu alikuwa uani anasuka ukili wa mkeka, na majirani wawili wameketi naye mkekani. Nikapiga magoti nikamwomba radhi, nikalia kilio chote nilichomnyima siku ile.

"Nilishakusamehe zamani, nesi. Inuka."

Alisema kweli, uso wake haukuwa na kinyongo. Majirani wakasogea kunipa nafasi mkekani. Yeye akainuka, akaingia ndani, akanitolea kiti, kama atolewavyo mgeni.

Sasa navuka kila Jumamosi. Nikifika, kiti huwa kimeshatolewa uani, kando ya mkeka wao, kimefutwa vumbi.