Ferdo Kotnjek na Siku za Karatasi Kuukuu

Mnamo Oktoba 2015, gazeti la manispaa yetu, lile linalotiwa bure katika kila sanduku la barua, liliandika kwamba Ferdo Kotnjek, mhudumu mstaafu wa shule ya msingi ya Podlipje, aliiuza hati ya bustani ya matunda ya shule pamoja na magazeti makuukuu, kwa kilo. Mwandishi hakutia jina lake, wala hakupiga hodi kwa Ferdo amuulize. Mtu aliyeitumikia shule kwa miaka thelathini na mmoja alihukumiwa kwa mistari sita, chini ya tangazo la mfagia mabomba ya moshi.

Mistari sita haimtoshi Ferdo. Nami niliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi wakati huo siwezi kuiacha ibaki kuwa neno la mwisho juu yake.

Sisi wa Podlipje hatutupi karatasi. Tunazihifadhi darini, gerejini na chini ya vitanda vya wageni, mpaka Aprili au Oktoba, siku ya karatasi kuukuu inapowadia. Siku hiyo mtaa mzima huelekea shuleni na mikokoteni, matoroli na matrekta, kila familia ikipeleka mafurushi yake kwa darasa la mtoto wake. Karatasi zikipimwa na kuuzwa, darasa la tano huenda baharini kwa wiki moja. Hilo ndilo lengo linalotamkwa. Lengo lisilotamkwa ni kulishinda darasa la jirani. Nimemwona daktari wa meno, mtu mzima mwenye heshima zake, akiyalowesha maji magazeti yake yapate kuongeza uzito.

Ferdo alimrudisha nyumbani. "Daktari, hizi zianike kwanza. Hapa tunapokea karatasi, supu mpelekee mama watoto."

Kwa miaka ishirini na mitatu Ferdo alisimama mlangoni mwa kontena la karatasi uwanjani, mtu mfupi mwenye mabega mapana, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Furushi lisilofungwa kwa kamba msalaba, alilikataa. Lililofungwa alilipitishia kidole gumba ubavuni, polepole, kama mcheza karata anayezihesabu karata zake bila kuzitazama. Magazeti ni laini. Picha ni ngumu. Kidole kikikwama, alikata kamba, akachomoa picha, akapaza sauti uwanja mzima umsikie.

"Bi Slavka! Umemtupa mumeo humu!"

"Mtie ndani, Ferdo! Ndiko anakostahili!"

"Huyu wa kwenye picha ana nywele tele."

"Ana nywele? Basi si wangu. Hebu lete nimwone."

Picha zilizokosa mwenyewe aliondoka nazo. Hakuna aliyemwagiza, na hakuna aliyemuuliza anazipeleka wapi. Mtaa ulimzoea Ferdo kama ulivyoizoea kengele ya shule.

Sasa nieleze habari ya bustani. Mitufaha kumi na minane na mpeasi mmoja, nyuma ya jengo la shule, ilitolewa zawadi mwaka 1956 na mjane mkulima, Marija Oprešnik, ambaye hakujaliwa watoto. Walipiga hati kwa taipureta, wakatia saini, wakanywa kikombe cha mvinyo wa tufaha, kisha wakaamini kwamba kazi imekwisha. Hakuna aliyekwenda kuiandikisha kwenye daftari la ardhi. Kwetu, neno lililonywewa mbele ya mashahidi huhesabiwa limeandikwa. Ndilo kosa letu la asili, na sijui kama tutapona.

Hati ilikaa nyumbani kwa mwalimu mkuu Stanko Resnik, kati ya ratiba na barua zake. Mwalimu Resnik alifariki katika majira ya baridi ya 2014, naye mkewe, Bi Pavla, akasafisha chumba chake.

Mwaka uliofuata manispaa ilitaka mahali pa kuegesha magari thelathini na manne, ikaitazama bustani, kisha ikalitazama daftari la ardhi. Daftari halikuitaja shule. Mkutano uliitishwa katika ukumbi wa michezo wa shule, na mkuu wa idara ya majengo, Bwana Borut Grilc, mzaliwa wa mtaa huu huu, alisimama mbele yetu akiwa na ramani iliyokunjuliwa vizuri.

"Nileteeni karatasi," alisema, "nami nitaondoka na ramani yangu. Karatasi moja tu."

Bi Pavla, aliyekuwa na miaka sabini na minane, aliinuka safu ya mbele.

"Karatasi nilikuwa nayo mimi, mwanangu. Niliifunga kamba vizuri pamoja na nyingine, nikaipeleka kwa Ferdo Aprili ya mwaka jana."

"Kwa nini, Bi Pavla?"

"Mjukuu wangu alikuwa darasa la saba. Walikuwa wamebakiza kilo arobaini tu kulipita darasa la nane!"

Ukumbi ulicheka, na kutoka nyuma mtu akauliza, "Na walishinda?"

"Walishinda kwa kilo mbili!" alijibu Bi Pavla, na ninakiri kwamba alipigiwa makofi.

Ferdo hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na mlango, akikitazama kidole gumba chake. Hati ile ilipigwa taipu juu ya karatasi nyembamba mno, ile iliyotumika zamani kwa nakala za chini ya kaboni. Kidole kilichokuwa na macho ya picha kiliipita bila kuiona. Wiki iliyofuata gazeti lilitoka. Kumtaja mjane wa miaka sabini na minane kungeonekana ukatili. Kumtaja mhudumu hakukuonekana kuwa kitu.

Oktoba hiyo, siku ya karatasi kuukuu, Ferdo hakuja.

Sina hakika kama nina maneno ya kutosha kueleza kilichotokea. Bila mtu mlangoni, mafurushi yalikuja bila kamba. Darasa la nne lililishutumu darasa la sita kwa kuiba toroli. Kisha upepo ukashuka kutoka mlimani. Katika muda wa dakika tano kurasa za michezo na matangazo ya vifo zilikuwa juu ya mitufaha yote kumi na minane, na padri alituma mtu kusema kwamba katalogi ya nguo za ndani imenasa mlangoni mwa kanisa, tafadhali aje mwenyewe aichukue. Hakuna aliyejitokeza.

Jioni nilikwenda kwa Ferdo, majani na vumbi nywelini. Mkewe, Jožica, alinikaribisha kwa kipande cha potica, mkate wetu mtamu wa kuviringisha, na kwa ukali uliostahili.

"Mmemkumbuka leo kwa sababu ya upepo?"

"Jožica, mwache mama wa watu akae," alisema Ferdo. Alikuwa mezani akimenya tufaha kwa kisu kidogo, ganda likishuka refu bila kukatika. "Ni kweli niliipokea. Ilipita mkononi mwangu. Bustani ikiwa maegesho, kila gari litakaloingia litapita juu ya jina langu."

"Uliipokea, hukuiuza. Shule nzima iliiuza, tena kwa furaha."

"Waambie gazeti."

Nilikuwa nimeliandikia gazeti barua mbili, hazikujibiwa. Sikumwambia. Badala yake niliuliza zile picha alizokuwa akiondoka nazo ziko wapi. Niliuliza ili mazungumzo yasife tu, wala sijioni mwerevu kwa hilo.

Alitoa chini ya benchi maboksi matatu ya viatu. Ndani mlikuwa na harusi, ubatizo, wanajeshi wenye masikio makubwa, mbwa wengi. Lakini nyingi zilikuwa picha za darasa. Kila Juni, tangu shule ilipopewa bustani, kila darasa hupigwa picha mahali pale pale, chini ya mpeasi, kikapu cha kuvunia mbele ya miguu. Nilizipanga mezani kwa miaka. Katika ya 1958 mpeasi ulikuwa fimbo iliyofungwa kwenye mti wa kuegemea, unafika kifuani mwa watoto. Katika ya 1966 uliwapita vichwa. Katika ya 1990 ulikuwa umevuka ukingo wa picha.

Nilisomea historia chuo kikuu kwa miaka minne, nikafundishwa kwamba hati ndiyo mama wa ushahidi. Meza ya Ferdo ilinifundisha kwamba mama huyo ana ndugu. Aliyeitumia ardhi kwa nia njema, hadharani, mwaka baada ya mwaka, sheria inamsikiliza; na hapa palikuwa na shule inayoitumia, mwaka baada ya mwaka, ikitabasamu mbele ya kamera.

"Ferdo," nilisema, "kuna mtu yeyote Podlipje aliyewahi kuitupa picha yake ya darasa kwa kusudi?"

Alifikiri. "Kwa kusudi, hapana. Gazeti hutupwa. Mtoto hatupwi."

Tulitangaza siku ya karatasi ya namna nyingine: safari hii leteni zile ambazo hamngezitupa kamwe. Kamba ya kuanikia nguo ilifungwa ukumbini, ukuta hadi ukuta, mara tano, na Ferdo akawekwa mlangoni. Alikuja kwa sababu Jožica alimletea kofia na kumfungulia mlango. Watu walifika kwa mamia. Bibi wa miaka tisini alileta picha yake ikiwa ndani ya fremu, hakukubali itolewe, ikabidi ining'inizwe kwa vibanio sita. Kila mtu aliandika kwenye karatasi aliyopewa: mimi fulani, darasa fulani, nilichuma matufaha ya shule mwaka fulani. Wengine waliongeza na waliyoiba.

Tulipomaliza tulikuwa na miaka hamsini na saba kati ya hamsini na tisa. Mwaka 1961 haujapatikana hadi leo. Mwaka 1983 ulikuwa mfukoni mwa koti la Ferdo.

Bwana Grilc alikuja Januari, pamoja na wajumbe wa halmashauri, akapita kando ya kamba akiwa ameweka mikono nyuma.

"Inapendeza," alisema. "Lakini nyuso si hati. Na naona pengo mwaka 1983."

"Pengo hilo ninalo," alisema Ferdo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema hadharani tangu gazeti litoke. Alichomoa picha, akaibana kambani kwa vibanio viwili. "Ilikuwa ndani ya furushi la mama yako, Borut, alipohamia ghorofani. Nilikwenda kuirudisha, nikakuta ameshaondoka. Nikaiweka."

Ni darasa la nne, watoto ishirini na sita, wamesimama wima. Wa ishirini na saba yuko juu ya mpeasi, kinywa kimejaa.

Bi Pavla alivaa miwani. "Hebu nione. Huyu anayekula peasi za shule, mwanangu, si wewe?"

"Picha haionekani vizuri," alisema Bwana Grilc.

"Inaonekana," alisema Ferdo. "Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Ulishindwa kushuka, nikakuletea ngazi. Ukaniuliza, mjomba, utamwambia mwalimu? Nikasema sitamwambia."

"Hukumwambia," alisema Bwana Grilc. Masikio yake yalikuwa mekundu kama matufaha ya Septemba.

"Sikumwambia. Mpaka leo."

Sitaki kudai kwamba manispaa ililainika kwa kicheko kilichofuata. Manispaa hailainiki; ilimwajiri wakili. Nasi tulikuwa na mzazi wa darasa la pili, wakili pia, aliyetuandikia mashtaka bila malipo kwa sharti kwamba darasa la mwanawe lipewe toroli kubwa Aprili. Lakini mbele ya hakimu, alipoulizwa kama shule ilikuwa ikiitumia bustani ile tangu anapokumbuka, Bwana Borut Grilc alijibu kwa neno moja, "Ndiyo," kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba peasi zake huiva mapema. Namheshimu kwa hilo, ingawa magari yake thelathini na manne sijayasamehe.

Tarehe 9 Oktoba 2017 bustani iliandikwa katika daftari la ardhi kwa jina la shule ya msingi ya Podlipje, na safari hii watu watano walikwenda kuhakikisha kwa macho yao kabla ya kikombe chochote kunywewa. Novemba gazeti la manispaa lilichapisha masahihisho ya mistari minne, ukurasa wa kumi na tisa, likikiri kwamba Ferdo Kotnjek hakuuza kitu. Na tarehe 13 Aprili 2018, siku ya karatasi kuukuu, nakala mia mbili na kumi za toleo lile la kwanza, la Oktoba 2015, ambazo watu walikuwa wamezihifadhi darini kwa makusudi, zilifikishwa mlangoni mwa kontena zikiwa zimefungwa kamba msalaba. Ferdo alizipitishia kidole gumba, hakikukwama popote, akazipokea.