Moto ya Nabii na Bukari ya Yaya

Mu Elisabethville ya zamani, mu kambi ya batumikaji, miye njo nilikuwa bingwa wa kusomea bantu manabii. Kila siku ya Mungu, ile ya Jumapili, kisha ibada, wanaume sita tulikuwa tunazunguka Biblia moja. Nikisoma Babeli, nilikuwa naona nyumba za bazungu. Nikisoma moto yenye kusafisha feza, nilikuwa naona yaya yangu, kaka yangu mukubwa, mutoto wa mama yangu, iko anaungua. Na ilikuwa inanifurahisha, siwezi kuficha.

Mutoto wa kwanza wa miye na bibi yangu alikufa na homa. Kisha matanga, nilienda kwa yaya, shemeji, bibi yake, akaniletea bukari, ile ugali yetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikasukuma sahani. Kwetu, ukisukuma bukari ya ndugu yako, umemuambia: weye njo mulozi, muchawi mwenye kuua mutoto. Miaka mine hatukusalimiana, na tuko tunaishi mu kambi moja.

Siku moja bibi yangu alinisikia najitayarisha na ile mustari ya moto.

“Baba, weye unatumika kwenye banayeyusha shaba. Taka inatokaka wapi?”

“Inatoka mu jiwe yenyewe. Moto ikiwaka, inapanda juu, tunaiondoa.”

“Ah bon, kumbe. Na weye, ukisomaka moto ile, nini inapandaka juu?”

Ala! Nilikasirika. Nilimuambia bibi hafundishi bwana yake maneno ya manabii, nikatoka inje na tumbako yangu. Haikuwa hata na ladha. Miaka kumi natoa taka ku shaba, na sikujiuliza hata siku moja nabii iko anasema na jiwe gani. Yaya hakuua mutoto. Nilijua tangu ku matanga. Nilitafuta tu muntu wa kubebesha uchungu yangu.

Siku ya Mungu yenye ilifuata, sikusoma. Nilienda kwa yaya, saa ya chakula.

“Yaya, niko na njaa.”

Shemeji aliniangalia sana, kisha akaleta bukari. Yaya akanyoosha mukono akate tonge ya kwanza, aonje mbele yangu, vile banafanyaka kwa mugeni mwenye kuogopa sumu. Haya ilinishika, nikamushika mukono.

“Hapana, yaya. Acha miye nitangulie.”

Nikakata, nikachovya, nikakula. Ilikuwa moto, iliniunguza kinywa, nikameza vile vile. Yaya alikuwa analia, hata hakupangusa macho.

Shemeji akasimama ku mulango, akaita batoto yake na sauti ya kusikilizisha kambi muzima:

“Mukuje! Baba mudogo iko anakula kwetu!”