Mfundishe Huyo Binti Kazi

Iko siku moja, mwanangu, siku ya mwezi wa saba yenye upepo ule wa baridi wa kwetu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo natamani kujificha chini ya meza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na mimba ya miezi minne, nimesimama katikati ya ghala la mahindi nikimfokea bibi wa watu mbele ya vibarua wote. Nitakueleza ilikuwaje. Kwanza nikuambie kwa nini nakuandikia badala ya kukupigia simu. Nikikupigia nitafoka, nawe utakata.

Jumapili ulipokuja hapa Kizwite ulikaa jikoni ukimenya viazi, ukanipa habari za duka lenu la pembejeo la Namanyere. Ukasema mwenye duka amekuletea binti mpya wa kukusaidia. "Lakini mama mdogo, yule simfundishi kitu. Ananiuliza dawa ya minyoo ya ng'ombe inapimwaje, namwambia niachie mimi. Akishajua, mimi nitabaki wa kazi gani?" Halafu, hata kiazi hujamaliza, ukaanza kulalamika kwamba mwenye duka amekunyima ruhusa ya kwenda mafunzo ya dawa za mifugo, eti hakuna wa kuachiwa duka. Skola! Ulijisikia ulichosema? Mimi damu ilinipanda, nikatoka nje nikajifanya naanua nguo. Nguo zenyewe zilikuwa bado mbichi.

Najua sina mvi. Nina miaka thelathini na moja na mtoto wangu wa pili bado ananyonya. Lakini wewe umezaliwa na dada yangu, kwa hiyo ni mwanangu, na kosa hili nimelifanya kabla yako. Kwa hili moja mimi ni mzee wako. Vumilia.

Nilitoka Mwazye na cheti cha kidato cha nne ambacho sikuwa namwonyesha mtu. Nikaja mjini, nikapata kibarua kwenye ghala moja la mnunuzi wa mahindi. Mwanzo nilikuwa napepeta tu. Siku moja akaja mkulima na mzigo wake, msimamizi akashika punje, akaibinya, akasema yamekauka, yapimwe. Mimi nikachukua punje yangu nikaiuma, nikasema hayajakauka hata kidogo. Tukabishana. Wakafungua gunia la katikati, wakaingiza mkono, joto! Kuanzia siku hiyo nikawekwa mlangoni. Hakuna gunia lililoingia ghalani bila mimi kuuma punje zake.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Wewe unaijua asubuhi ya Sumbawanga mwezi wa saba. Punje iliyolala kwenye baridi ile inakuwa ngumu hata kama ina maji ndani. Ukiibinya inakudanganya, ukiiuma hapo hapo inakudanganya. Bibi yangu kule Mwazye alinifundisha kitu kidogo tu: iweke punje shavuni kwanza, ipate joto la mdomo, hesabu polepole mpaka ishirini, ndipo uume. Ikipasuka kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, irudishe kwenye turubai. Basi. Hiyo ndiyo elimu yote niliyokuwa nayo.

Na hiyo nikaificha kama dhahabu. Nilikuwa nageukia ukutani nikihesabu. Watu wakawa wananiona nimesimama kimya, shavu limetuna, midomo inacheza kidogo, kisha nageuka natoa hukumu, na sikosei. Hapa ni Sumbawanga, mwanangu. Wenzetu wa mikoa mingine wakisikia tu jina la mji wetu wanacheka na kuuliza habari za wachawi na ungo wao wa kurukia. Vibarua wakaanza kunong'ona kwamba yule binti wa Mwazye ana dawa shavuni. Konsolata, binti tuliyekuwa tunapepeta naye, aliniuliza siku moja kwa woga, "Dada Yusta, ni kweli ulichanjwa?" Ningecheka na kumwambia ukweli ingeniharibia nini? Nikamtazama tu, nikamwambia, "We endelea kupepeta." Nikaacha waamini. Niliona raha. Nikajiambia, nani atathubutu kumfukuza mtu mwenye dawa?

Hata mwenye ghala alipoleta kipimo cha unyevu, kile cha betri, sikukigusa. Alikuja kijana wa kukielekeza, wengine wote wakamzunguka, mimi nikakaa kwenye gunia langu nikasema kwa sauti, ili asikie, kwamba mimi siishiwi betri. Watu wakacheka. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Msimamizi wa ghala alikuwa Bibi Gaudensia. Huyo alianza kwa kufagia sakafu, akashona magunia, akasimamia mzani, akaishia kushika funguo. Mwaka ule alikuwa anajiandaa kupumzika, na ilijulikana kwamba atatafutiwa msaidizi wa kumrithi. Msaidizi huyo angepewa mkataba, siyo kibarua cha msimu. Mkataba, Skola! Mimi ningejifungua mwezi wa kumi na mbili, na kibarua akijifungua ndiyo kazi imeisha, hakuna likizo, hakuna kurudi. Baba wa mtoto alikuwa ameenda Mpanda kutafuta maisha na simu yake ilikuwa haipatikani siku nne kati ya tano. Nafasi ile kwangu ilikuwa ndiyo mtoto atakula nini. Na nilijua ni yangu. Nani mwingine?

Akapewa Apolinari. Mbeba magunia! Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza maswali: huu mzani unarekebishwaje, dawa ya kufukiza inakaa siku ngapi, kwa nini tunapanga magunia juu ya chaga. Alikuwa anatuchosha. Mwenye ghala alitangaza asubuhi, akapanda gari lake akaondoka. Mimi nikatupa punje zilizokuwa mkononi, nikamfuata Bibi Gaudensia kwenye mzani. Hata shikamoo sikumpa.

"Bibi, mmeniona mimi mjinga? Mtu wa kubeba magunia ndiye anashika funguo, mimi ninayewaokolea ghala lisioze naachwa? Ni kwa sababu ya hili tumbo?"

Bibi aliendelea kusoma mzani mpaka akamaliza, akamwambia mkulima asogee kidogo. Kisha akanitazama.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi maliza, nakusubiri."

Jamani, ukishaambiwa hivyo maneno yanatoka wapi? Akanishika mkono, akanikalisha juu ya gunia. Akaanza kwa Kiswahili, lakini hakufika mbali, akageukia Kifipa, na Bibi yule akigeukia Kifipa ujue mzaha umekwisha.

"Jina lako nimelitaja mimi, mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza tajiri akaniuliza, huyu akishika funguo, nani atakaa mlangoni? Nikatafuta wa kumtaja, sina. Umekaa pale misimu miwili na hakuna hata mtu mmoja anayeweza kukushikia nafasi ukaenda chooni. Mara ya pili akaniuliza, hivi huyu anapima kwa njia gani? Nikamwambia sijui. Mimi, Gaudensia, ninayekupa kazi kila asubuhi, sijui. Akacheka, akasema basi mwache pale pale. Nani amekufunga pale, Yustina? Tumbo, au wewe mwenyewe?"

Akaendelea, sasa sauti imeshuka.

"Mimi kila mahali nilipotoka humu ndani nilimwacha mtu. Ufagio nilimwachia mtu. Sindano ya magunia nilimwachia mtu, na alikuwa anashona vizuri kuliko mimi, ikaniuma, nikanyamaza. Nisingemfundisha ningekuwa nashona mpaka leo, na vidole hivi vimeshakufa ganzi. Wewe unafikiri kazi ni ile ambayo wewe peke yako unaijua. Ukiugua je? Ukijifungua je? Mwezi wa kumi na mbili utawaachia nini hapo mlangoni zaidi ya habari kwamba ulikuwa mchawi?"

Hilo la mwisho alilisema kwa Kiswahili, na kwa sauti. Kuna mtu nyuma ya magunia akacheka. Nilikimbia nyumbani nikilia njia nzima, na nilikaa siku tatu sijarudi. Siku ya kwanza nilimchukia Bibi. Siku ya pili nikamchukia Apolinari. Siku ya tatu hakuna aliyebaki ila mimi.

Nikarudi. Bibi akanipokea kama vile nilikuwa sokoni. Nikamwita Konsolata mlangoni, nikampa punje, nikamwambia iweke shavuni, hesabu ishirini, uma. Akaniangalia kama nampa sumu. Akahesabu, akauma, ikabonyea. Macho yakamtoka.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Dada Yusta, misimu miwili! Tunakukwepa hata kunywa maji kikombe kimoja, kumbe ulikuwa unanyonya hindi!" Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, kwa aibu, lakini nikacheka.

Wiki ile ile nikamwendea Apolinari. Ilikuwa ngumu kumeza. Nikamwomba anielekeze kipimo cha betri. Angeweza kunirudishia lile neno langu la kutoishiwa betri, watu wangecheka tena, na ningestahili. Hakulirudisha. Akanifundisha, na tulipokuwa tunafanya wote wawili tukagundua kwamba hata kile kipimo asubuhi ya baridi kinakosea, mpaka punje zikae ndani kidogo zipate joto. Ujuzi wa bibi yangu na ujuzi wa betri vikakutana. Tukaandika kwenye karatasi, tukaibandika mlangoni, kila mtu asome. Mwenye ghala alipoiona aliuliza nani kaandika. Apolinari akasema ni Yustina. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tajiri kulijua jina langu bila kuambiwa na Bibi.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kikawa asali. Nilijifungua, Konsolata akakaa mlangoni, na niliporudi na mtoto mgongoni mlango ulikuwa wake, anaumudu vizuri tu. Niliumia. Nilisimama pale nikafikiri, haya sasa, ndicho nilichokuwa naogopa. Lakini Apolinari alikuwa anahitaji mtu kwenye mzani, na Bibi Gaudensia, wiki yake ya mwisho kazini, akataja jina langu mara ya tatu. Safari hii alipoulizwa nani atakaa mlangoni, alikuwa na mtu wa kumtaja. Nikapata mkataba wa mwaka. Halafu baada ya misimu mitatu lile ghala likafungwa, mwenyewe akahamia biashara nyingine, na mkataba wangu ukabaki karatasi ya kufungia vitumbua. Matajiri ndivyo walivyo, wapo pia watakaokuambia umfundishe mwenzako kisha wakutoe wewe. Nakuambia ukweli huu nikiwa na hasira zangu zote. Lakini hata wiki haijaisha, simu yangu ikalia. Konsolata alikuwa ameshapata kazi kwa mnunuzi mwingine. "Dada, huku wanatafuta mtu anayejua mahindi na mzani na dawa. Nimewaambia aliyenifundisha mimi yupo." Ndiyo kazi niliyo nayo mpaka leo, na likizo ya huyu mtoto wa pili nimeila nikiwa kitandani kwangu, nafasi yangu inanisubiri.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikie bila kununa. Kesho asubuhi mwite huyo binti. Mfundishe dozi ya minyoo, mfundishe dawa ipi haichanganywi na ipi, na mwandikie ili akisahau asikusumbue. Mfundishe vizuri, siyo nusu, maana mtu aliyefundishwa nusu ataua ng'ombe wa watu na lawama itakuja kwako. Mwache auze siku mbili peke yake huku umekaa pembeni umefunga mdomo, najua itakuuma. Kisha nenda kwa mwenye duka, mwambie: mama, duka lina mtu, naomba ruhusa ya mafunzo. Akikataa bado, hapo sasa njoo tumkasirikie wote wawili. Na huko mafunzoni uliza maswali mpaka uwachoshe. Kila mwaka jua kitu kimoja ambacho mwaka jana ulikuwa hukijui, na kila mwaka mwachie mtu kitu kimoja. Anayejua kazi yako ndiye atakayekutaja siku wewe hupo.

Hasira yangu imeisha, karibu yote. Mungu akulinde na ajira za kukuviza, akupe mabosi wanaouliza nani kaandika, akupe wa kukufundisha bila kukusimanga na wa kumfundisha bila kumwogopa. Popote utakapotoka, watu wabaki wanalitaja jina lako vizuri. Amina, na umsalimie huyo binti. Hata jina lake hukuniambia.