Wadudu Ndani ya Lotoko

Profesa wetu wa somo la maji alikuwa anatoka Kisangani kwa ndege. Anafundisha siku kumi, asubuhi na mchana, anatupa mtihani, anakusanya kazi zetu za vitendo, zile tunazoita TP, na kesho yake anapanda ndege anarudi. Ndivyo masomo ya masta, shahada ya pili, yanavyokwenda huku Bunia. Mwalimu si wa mji, basi kozi nzima inafika kama mzigo wa uwanja wa ndege, na ukichelewa kuupokea, mzigo unarudi naye. Ukiikosa unangoja mpaka chuo kipate namna ya kumrudisha, labda mwaka, labda miwili.

Mimi nilishaikosa mara moja. Wiki aliyokuja kwanza ndiyo wiki mama yangu alifika kutoka Bule, amekimbia vita, na kitenge kimoja kiunoni na Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikaa naye nyumbani, kozi ikapita. Sikumwambia. Lakini nisidanganye: kulikuwa na siku ninamwangalia akichambua maharagwe uani kwangu Rwambuzi, na moyo unasema, ni kwa sababu yako. Kisha ninaona haya, ninatafuta kazi ya kufanya.

Hasira yenyewe ilitokea mahali pengine. Ilitokea kwenye makala, yale makaa ya kupikia. Tangu mama afike, gunia la makala halikuwa linafika mwisho wa mwezi. Kila asubuhi, ninapojitayarisha kwenda kufundisha biolojia shuleni, ninakuta mbabula, lile jiko letu dogo, limewaka kitambo na sufuria kubwa iko juu yake. Nilijua ni maji yake ya kuoga, maana wazee wanapenda maji ya moto. Na mimi sina mdomo wa kukaa kimya.

"Mama, makala si majani."

"Ndiyo, mutoto wangu," anajibu, na kesho yake mbabula inawaka tena.

Basi, profesa akarudi, na safari hii nikaapa kwamba hata nyumba iungue kozi hii sitaikosa. Bila hiyo nisingeruhusiwa kuanza mémoire, tasnifu ya kumalizia masomo, na miaka yangu arobaini na moja haikuwa inanisubiri. TP yake ilikuwa ya wadudu wanaoishi ndani ya maji. Kuna wadudu wadogo wanaoshika chini ya mawe ambao hawawezi kabisa kuvumilia uchafu. Kuna wengine, kama minyoo myekundu ya matopeni, ambao uchafu ni chakula kwao. Ukijua nani anaishi wapi, unajua maji yana hali gani. Kila mmoja wetu alitakiwa kuchagua sehemu nne, kuchukua wadudu wa kila sehemu, kuwahifadhi ndani ya alkoli, kuwahesabu na kuandika ripoti. Ijumaa saa sita mchana, profesa alisema, nafunga mkoba.

Nilichagua kijito cha mlimani nje ya mji, bonde la wachoma matofali, mfereji wa nyuma ya soko, na chanzo chetu cha Rwambuzi, chemchemi ambako mtaa mzima tunachota maji ya kunywa. Cha kwetu nilikiweka kama mfano wa maji safi. Darasani nilisimama nikasema hivyo, na nikatoa ushahidi: majirani wana watoto wa kuhara kila mara, lakini wangu, miaka miwili sasa, hawajaumwa tumbo. Profesa akanitazama juu ya miwani. "Tutaona wadudu watasema nini, mama," akasema.

Tabu ilikuwa alkoli. Nilipita famasi tatu, haipo. Mwenzangu wa darasani akaniambia nisihangaike, kuna lotoko, pombe kali ya mahindi wanayochemsha akina mama mtaani, na ile ya kwanza kutoka inawaka moto ukiiwashia kiberiti. Nikainunua, nikajaribu, ikawaka bluu. Nikajaza chupa kumi na mbili za mayonezi zilizokuwa na wadudu wangu, tatu kwa kila sehemu. Ndani ya kila chupa nikatia kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli jina la mahali. Nikazipanga chini ya kitanda, kwa sababu mama ni shemasi wa kanisa na harufu ya lotoko anaijua kutoka barabarani. Nilifikiri chini ya kitanda panatosha. Akili ya masta hiyo.

Alhamisi nilirudi kutoka darasani mchana. Uani, chini ya kamba ya nguo, chupa zangu kumi na mbili zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni na kuinamishwa kwenye vijiti zikauke. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono juu ya Biblia. Mbele yake beseni, na ndani ya beseni lotoko yote na wadudu wote, mchanganyiko mmoja. Vikaratasi alikuwa amevitupa ndani ya mbabula.

"Kaa," akasema. "Nilifagia chini ya kitanda, nikasikia harufu. Nikazani mutoto wangu anakunywa. Nikalia. Kisha niliona dudu ndani. Nikajua si kunywa tu, iko mambo ya mufumu, ya uganga. Unaenda kwa mufumu juu ya mutihani?"

Nilikuwa na hasira ya kuvunja kitu, na kitu cha karibu kilikuwa zile chupa, ambazo nilizihitaji. Mwishoni nikamweleza: kozi, ndege ya Jumamosi, Ijumaa saa sita. Nikamwambia bila vikaratasi wale wadudu hawana kwao, hawanisaidii kitu, na nikikosa safari hii basi yameisha. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko inavyofaa kumwambia mzazi.

Mama akainama juu ya beseni, akaingiza vidole. Mikono ile imechambua maharagwe miaka sitini. Akatenga wadudu wa mikia mitatu upande mmoja, wale wekundu upande mwingine.

"Hawa wanakaa pa maji ya mbio, chini ya mawe," akasema. "Hawa ni wa matope. Si unaweza kuwarudisha?"

"Umejuaje?"

"Siye kule Bule hatukuwa tunakunywa maji bila kugeuza jiwe kwanza. Hata wakati tulikimbia. Tukifika kwenye mto, ninageuza jiwe. Huyu wa mikia akiwako, batoto wanakunywa. Asipokuwako, tunaendelea."

Nilimweleza kwamba siwezi kuwarudisha hivyo. Siwezi kutumia mdudu kujua mahali, kisha nitumie mahali hapo kumpima mdudu. Huo ni uongo wenye mistari mizuri. Akafuta vidole kwenye kitenge.

"Basi twende tutafute wengine," akasema. "Jua ingaliko."

Akachuja lotoko yote kwa kitambaa chake cha kichwa, akaimimina ndani ya kibidoni, dumu dogo la plastiki, akakificha chini ya kitenge. Shemasi wa kanisa akapita barabara yote ya Rwambuzi na lotoko kiunoni, anaamkia watu.

Kijito cha mlimani alikimaliza yeye. Mimi nilikuwa na wavu na vitabu vya darasa, yeye alikuwa na magoti ndani ya maji, anageuza jiwe polepole dhidi ya mkondo, kiganja chini yake. Kabla sijasuuza wavu wangu amejaza chupa mbili. Kwenye bonde la matofali alivuta pua, akashuka hivyohivyo. Kwenye mfereji wa soko alinikataza nisiingie bila buti. Kila chupa niliitia kikaratasi, na kila kikaratasi alitaka nimsomee.

Tulifika kwenye chanzo chetu wakati kundi la mwisho la wachotaji linaondoka. Maji yalikuwa yanatoka bombani maangavu kabisa. Nikashuka na wavu. Mama akabaki juu, ameshika kibidoni.

"Hapa usijisumbue na mawe," akasema. "Chini haiko kitu. Iko tu minyoo nyekundu mu matope."

"Nani amekwambia?"

"Niliangalia. Siku ya pili ya kufika kwako."

Niligeuza jiwe la kwanza. Safi, tupu. La pili, tupu. La tatu. Nikaingiza mkono matopeni, nikatoa minyoo myekundu, mingi, hai. Siku ya kwanza nilikuwa nimezamisha wavu haraka na kufunga chupa bila kuangalia, maana jibu nilikuwa nalo tayari. Nikainua macho kwenye mteremko: choo, choo, choo, nyumba mpya za watu waliokimbia kama yeye, zote juu ya chanzo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Weye ulinipokea," mama akasema. "Nikae nyumbani mwako siku mbili, nianze kusema maji yenu ni mubaya? Tena weye ndiye mwalimu wa biolojia." Akanipa kibidoni. "Nilikuwa ninachemusha tu. Ya batoto kwanza, inapoa, ninarudisha ndani ya bidoni ya kunywa. Kisha yangu."

Nikakumbuka sufuria. Nikakumbuka kila asubuhi ya miaka miwili, na mimi nimesimama mlangoni na mkoba wa shule, ninamhesabia mama yangu makala. Ushahidi wangu wa darasani ulikuwa yeye. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nikalia palepale, miguu ndani ya maji.

"Unisamehe, mama."

"Jaza chupa," akasema. "Giza inakuja."

Ijumaa niliamka alfajiri, nikahesabu, nikaandika. Niliandika kwamba nilichosema darasani kuhusu chanzo cha Rwambuzi hakikuwa kweli, na kwa nini watoto wangu hawakuumwa. Saa tano na nusu nilikuwa mbele ya profesa. Alisoma ukurasa huo mara mbili, akafungua chupa moja, akanusa, akaifunga. Alinipa alama kumi na nne juu ya ishirini. Kwa mkuu wa mtaa nilikwenda siku hiyohiyo na chupa ya minyoo mkononi.

Ile habari ya kozi ya kwanza niliyoikosa sijamwambia mama mpaka leo.

Jumamosi, ndege ilipopita juu ya mtaa, nilikuwa uani. Nilikuwa nimeamka kabla yake, nimewasha mbabula, nimeteleka sufuria kubwa. Mama akatoka anafunga kitenge, akatazama moto, akanitazama mimi.

"Makala si majani," akasema, akaketi.