Mtegemewa wa Kituntu

Wiki hii, kwenye benchi la mahakama hapa Karagwe, nilikaa karibu na mwanamume aliyetiwa hatiani kwa kufyeka migomba ya jirani. Afisa alikuwa akimhoji ili amshauri hakimu kama afungwe jela au apewe kifungo cha nje.

"Mama yangu mzee ananitegemea," alisema, akifuta jicho kavu.

"Jana nilikuwa kwake Kituntu," afisa alijibu. "Hajakuona tangu mwaka juzi."

"Mama amezeeka, afisa. Anasahau."

"Hajasahau. Amenisihi usifungwe."

Jamaa akatabasamu kana kwamba kasifiwa.

Hakimu akampa kifungo cha nje. Pale mlangoni nilimuuliza kama sasa anakwenda Kituntu kumshukuru mama.

"Nikafanye nini huko?" alisema, akapanda bodaboda.